"Picha" ya sayari ni nukta tu? Na kioo cha mita 39 kitasaidia nini?

Mdadisi77

Wakuu, naombeni mnitoe ushamba. Jana nimeangalia ile picha ya HR 8799, nyota iliyo mbali nasi miaka nuru 130 hivi. Naambiwa zile nukta nne ni sayari. Sawa, lakini sioni duara, sioni mawingu, na nyota yenyewe haipo, katikati pamezibwa giza. Kwa nini wasiikuze tu? Na kama hewa ndiyo inayoharibu picha, mbona bado wanajenga madarubini ardhini? Hilo la mita 39 kule Chile litatuonyesha Proxima b, ile sayari ya nyota Proxima iliyo jirani kabisa na Jua, kama tunavyouona Mwezi, au tutaletewa nukta nyingine?

Kurunzi

Nukta nyingine. 😄

MpigaNukta

Kurunzi kasema kweli, ila kaacha utamu wote. Mimi nimekaa miezi na data za nyota Beta Pictoris zilizopigwa na VLT, madarubini ya mita 8 kule Chile, ngoja nieleze.

Kukuza hakusaidii kwa sababu tatizo si udogo, ni mng'aro. Kwa mwanga wa kawaida, Jua linaishinda Dunia mara bilioni kumi hivi. Ukikuza, unaukuza na mng'aro. Ndiyo maana katikati pamezibwa: kuna kifaa kinaitwa koronagrafu, Mfaransa Bernard Lyot alikibuni miaka ya 1930 ili aone korona, yaani hewa ya nje ya Jua, bila kusubiri kupatwa. Halafu watu huchagua nyota changa. Sayari za HR 8799 bado zina joto la kuzaliwa, zinang'aa zenyewe kwenye infraredi (mwanga wa joto usioonekana kwa macho), kwa hiyo pengo linapungua mno. Ndiyo maana zilipatikana mapema, tatu mwaka 2008 na ya nne 2010.

Hewa nayo inadhibitiwa, japo si yote. Ndani ya darubini kuna kioo chembamba kinachosukumwa na kuvutwa kutoka nyuma, zaidi ya mara 1,000 kwa sekunde, kufuata mtikisiko wa hewa. Baada ya hapo unabaki na adui mbaya zaidi: madoadoa. Mwanga wa nyota unaovuja kwenye kasoro ndogondogo za vioo hujikusanya kuwa vidoa, na kidoa kimoja kinafanana na sayari kama pacha.

Dawa yake ni nzuri sana. Darubini hizi, zikiifuata nyota, anga huzunguka taratibu ndani ya picha. Unaliacha lizunguke. Vidoa ni vya darubini, vinabaki mahali pake. Sayari ni ya anga, inazunguka. Unaondoa kile kilichobaki mahali pake, unazirudisha picha zote zilale sawa, unazijumlisha.

Usiku mmoja nikapata nukta mahali ambapo hakuna aliyewahi kutaja kitu. Sikulala. Kesho yake nikafanya jaribio la kawaida: nikazizungusha picha upande usio wake. Sayari ya kweli ingefutika. Nukta yangu ikabaki inang'aa vilevile. Kidoa.

Hata Beta Pictoris b yenyewe, sayari ya nyota hiyo, ilionekana kwenye picha za 2003, lakini watu walikuja kuridhika baada ya kuiona imehamia upande wa pili wa nyota mwishoni mwa 2009.

Zuhura_wa_Alfajiri

Mkuu, hujajibu la ardhini. Darubini ya Webb iliyoko nje ya hewa si ipo?

MpigaNukta

Ipo, na kwa sayari baridi zilizo mbali na nyota yake haina mpinzani. Mwaka 2024 ilitoa picha ya sayari Epsilon Indi Ab, miaka nuru 12 tu kutoka hapa. Lakini kioo chake ni mita 6.5. Kutenganisha vitu viwili vilivyobanana kunategemea upana wa kioo, na mita 39 hujazipandisha roketi. Proxima b imeikumbatia nyota yake kiasi kwamba kwa darubini ya mita 8 vyote viwili vinaungana kuwa doa moja. Kwa mita 39 kutakuwa na nafasi kati yao.

Duara lake usilitarajie, Mdadisi. Sayari ya ukubwa wa Dunia pale ilipo Proxima ingehitaji kioo cha kilomita kadhaa ili ianze tu kuwa zaidi ya nukta.

Lakini usiidharau nukta. Mwanga wake ukiuchambua rangi kwa rangi, unasoma. Ndani ya mojawapo ya nukta zako nne umeshaonekana mvuke wa maji na kaboni monoksaidi. Na mwaka 2014 wachunguzi walipima jinsi mistari ya mwanga wa Beta Pictoris b ilivyotanuka, wakajua inajizungusha kwa kasi ya kilomita 25 kwa sekunde. Siku moja kule ni kama saa 8. Hakuna aliyewahi kuona uso wake.

Mdadisi77

Aisee. Siku ya saa 8 kutoka kwenye nukta! Nimenyoosha mikono. Swali dogo: ile nukta yako, ulikuwa umeshamwambia mtu?

MpigaNukta

Mama tu. Mpaka leo akinipigia huuliza sayari yetu inaendeleaje.