Majirani Njiapanda: baada ya mnada wa Jumapili

*Jumapili*

Mzee Mhazini 14:12
Bwana asifiwe majirani. Mnada wa diakonia wa kumchangia Fundi viatu wetu matibabu umeisha salama. Nipo ofisini nahesabu. Tafadhali msinipigie simu, nikikatizwa naanza upya.

Baba Eli (Dar) 14:13
Amen mzee. Mama Neema, ndizi zangu umezitunza?

Baba Jeni (Dodoma) 14:15
Ndizi zako zipi tena? Ule mkungu wa mshare nimeuchukua mimi kwa 45,000.

Baba Eli (Dar) 14:15
Mimi nilikomea 42,000. Nikaambiwa nimepandiwa dau na "simu ya nyuma".

Baba Jeni (Dodoma) 14:16
Simu ya nyuma ndiyo mimi! Dogo Boda alisimama chini ya mwembe, kaweka spika. Ina maana "simu ya mbele" ni wewe??

Baba Eli (Dar) 14:16
🙆🏾‍♂️🙆🏾‍♂️ Nimepandishiana dau na ndugu yangu wa tumbo moja

Mama Neema 14:18
Niligundua mlipofika 30,000. Nikataka kukunong'oneza, Mwalimu akanitupia lile jicho la darasani. Nikashika simu vizuri, nikanyamaza.

Mwalimu Mstaafu 14:20
Mnadani hakuna undugu. Mkungu ulianzia 8,000.

Bibi Neema 14:26
🎤 0:24

Mama Neema 14:28
Kwa walio kazini, Mama anasema: "Wanangu, hizo ndizi nimezikata mwenyewe Ijumaa kihambani, Marangu. Mngesema mnazitaka ningewapakilia kwenye basi bila hela." Halafu anacheka mpaka inakata.

Baba Jeni (Dodoma) 14:29
Mama shikamoo. Kwa hiyo nimenunua ndizi za nyumbani.

Shangazi 14:31
Na kwa bei ya Dodoma 😂 Mungu akubariki mwanangu. Sasa unasemaje, zirudi mnadani Jumapili ijayo au zina pa kwenda?

Baba Jeni (Dodoma) 14:32
Zipelekwe kwa Fundi. Wale watoto wanakula kwa nani siku hizi mama yao akishinda hospitali?

Shangazi 14:33
Wanakula. Mtaa upo.

Mama wa Duka 14:40
Mimi nina neno na Mwalimu. Yale mayai.

Mwalimu Mstaafu 14:41
Mayai yapi?

Mama wa Duka 14:41
Usijifanye Mwalimu 😀 Nilisema elfu tano kwa sauti mpaka njiwa wakaruka kwenye paa. Wewe ukapiga meza: "Mia mbili, mara ya tatu, imekwenda!"

Baba Eli (Dar) 14:43
Kilitokea nini? Mtandao ulinikatikia nilipokosa ndizi, nikadhani mmenifukuza

Mama Neema 14:52
Ngoja niandike vizuri maana mwenye mkasa ni mwanangu.

Yule bibi wa kule bondeni, mnamjua, alileta mayai matatu. Kayafunga kwenye pindo la khanga, akafungua fundo pale mezani taratibu, moja moja. Mwalimu hakutaja jina, hatajagi. Akasema tu, "Hapa kuna mayai matatu ya kienyeji, ya leo asubuhi. Nani ananifungulia?" Kabla mtu hajakohoa, Junia wangu kasimama juu ya benchi: "Mia mbili!" Ni ile mia mbili niliyompa ya sadaka ya Sunday school. Hakuitoa. Sikujua.

Watu wakacheka. Yeye hakucheka, kanyoosha sarafu juu hivi, mkono unatetemeka. Mwalimu akamtazama, akatutazama sisi. "Mia mbili mara ya kwanza." Kimya. "Mara ya pili." Hapo ndipo Mama wa Duka akaita elfu tano.

Mwalimu Mstaafu 14:54
Sikio langu la kushoto lina matatizo tangu nikiwa kazini. Mama wa Duka alikaa upande wa kushoto.

Mama wa Duka 14:54
Nilikaa KULIA

Mwalimu Mstaafu 14:55
Basi yote mawili.

Dogo Boda 14:56
😂😂😂😂

Mzee Mhazini 15:03
Nimeacha kuhesabu ili nijibu hili. Mimi pale nilikasirika, sifichi. Yai moja la kienyeji dukani ni zaidi ya hiyo mia mbili, na sisi tunatafuta fedha ya mgonjwa. Nikaandika kwenye daftari "mayai 3, Tsh 200" huku kalamu inagoma.

Halafu ibada imetoka, niko mezani napokea, anakuja mtu: "Mzee, niongezee kwenye yale mayai elfu tano." Simjibu, naandika. Anakuja mwingine, "mayai, elfu mbili". Yule kijana wa kuosha magari pale stendi, "mayai, elfu moja, na usiandike jina". Mama wa Duka mwenyewe naye kaleta ile elfu tano yake, huku ananuna. Mstari wa mayai umejaa ukahamia ukurasa wa pili.

Mayai matatu: 47,200.

Baba Jeni (Dodoma) 15:04
YAMEIPITA NDIZI YANGU

Baba Eli (Dar) 15:04
Yameipita ndizi yako 😂😂

Shangazi 15:07
Na bibi kaondoka hajui. Aliona mayai yake yamenunuliwa na mtoto, kafurahi, kampa Junia mkono kama mtu mzima mwenzake. Asiambiwe hizo hesabu. Ataona alileta kidogo.

Mzee Mhazini 15:08
Mimi nadhani aambiwe. Ni hesabu ya kanisa, itasomwa madhabahuni.

Shangazi 15:09
Soma jumla mzee. Mstari kwa mstari wa nini?

Baba Eli (Dar) 15:11
Na yule bwana wa malori? Naona picha kapigwa na mbuzi

Mama wa Duka 15:13
Huyo kanunua mbuzi laki tatu, katembea naye mpaka mbele, kapiga picha, kageuka kapiga nyingine. Ndipo kasema "namrudisha mnadani". Mimi hayo ya kujionyesha huwa yananishinda. Maandiko yanasema mkono wa kushoto usijue.

Mwalimu Mstaafu 15:17
Mama, mimi nimenadisha miaka mingi, nakwambia ukweli. Mwache apige picha. Alipomrudisha mbuzi, akauzwa tena laki na nusu. Mbuzi mmoja, laki nne na nusu. Na watu walimpigia makofi wakachangamka, aliyetaka kutoa elfu mbili akatoa tano. Mnada wa kimyakimya haujengi hata choo. Kazi yangu mimi ni kujua nani anataka kuonekana na nani hataki, nisije nikawachanganya.

Mama wa Duka 15:18
Sawa. Lakini picha mbili?

Baba Eli (Dar) 15:24
_Ujumbe huu umefutwa_

Shangazi 15:25
Baba Eli, asante kwa kufuta. Mambo ya bili ya mtu tusiyaweke hapa. Watoto wake wamo humu.

Baba Eli (Dar) 15:26
Samahani Shangazi. Nilitaka tu kuelewa, maana nakumbuka alikuwa na CHF, ile bima ya afya ya jamii

Nesi 15:31
Simzungumzii mgonjwa yeyote, nasema utaratibu. CHF iliyoboreshwa, ile ya 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, ilikuwa inakupeleka kuanzia zahanati mpaka hospitali ya mkoa. Kwetu huku maana yake Mawenzi. Hospitali ya KCMC ni rufaa ya kanda. Ukivuka kwenda pale, ile kadi ilikuwa inabaki chini.

Baba Eli (Dar) 15:32
Na bima ya wote? Si sheria ilipita

Nesi 15:33
Ilipita Bungeni 2023. Lakini kaka, mfupa uliovunjika hausubiri utaratibu.

Dogo Boda 15:36
Jamani mmesahau katambuga

Baba Jeni (Dodoma) 15:36
Katambuga zipi?

Dogo Boda 15:41
Za Fundi mwenyewe. Jumamosi nilimpelekea mkewe uji hospitali, Fundi akaniita kitandani, akasema nenda kibandani kwangu, chini ya sanduku la misumari kuna pea moja nilimaliza kabla sijaanguka. Peleka kanisani zinadishwe. Nikamwambia Fundi, mnada si wako wewe? Akasema ndiyo maana, sitaki kuingia kwenye mnada mikono mitupu.

Tairi la gari kubwa, kashona mikanda kwa uzi mara mbili, kisigino kakata mshazari kama anavyofanyaga yeye.

Mwalimu Mstaafu 15:44
Zile sikusema zimetoka kwa nani. Lakini kila mtu pale anaujua ule mkato wa kisigino. Nusu ya mtaa tumezivaa. Nilipoziinua pakawa kimya, hata mimi nikasahau kuitisha bei.

Mzee Mhazini 15:45
Zimekwenda 60,000. Nimechukua mimi.

Mama Neema 15:45
Mzee!! Na ulikuwa unalalamikia mayai

Mzee Mhazini 15:46
Yale yalikuwa mayai. Hivi ni viatu. Ila zinanibana, kidole kikubwa kinatoka nje.

Binti Fundi 16:02
Majirani shikamooni wazee wote. Nilikuwa nasoma tu, nimeshindwa kuandika mapema.

Nimemsomea Baba ujumbe wa Dogo Boda na wa Mzee Mhazini. Amecheka, halafu amesema mambo mawili. La kwanza, hizo ni namba 41, alizikata kwa ajili ya mteja mwingine ambaye hakurudi. Mzee Mhazini anavaa 43, anamjua tangu zamani. Asizikate mwenyewe na kisu ataziharibu, azirudishe kibandani, akitoka atamshonea nyingine kwa kipimo chake, na hizi za 41 zitafutiwe mtu.

La pili, anauliza nani alinunua mbuzi.

Shangazi 16:04
Marahaba mwanangu. Mwambie Baba apumzike, ya mbuzi atasimuliwa akirudi, ni ndefu.

Mzee Mhazini 16:05
Mwambie nimekubali. Na asinirudishie fedha, asije akaanza.

Binti Fundi 16:07
Ameshaanza 😅

Mzee Mhazini 17:20
HESABU. Taslimu na kwa simu: 1,386,200. Ahadi ambazo hazijalipwa: 240,000. Fedha taslimu iko kwenye sanduku lenye kufuli mbili, ufunguo mmoja ninao mimi, mwingine anao mama mwenyekiti wa diakonia. Kesho asubuhi tunakwenda pamoja kulipa dirishani, tunaleta risiti.

Nesi 17:22
Nitakuwa zamu ya asubuhi, mnione mkifika. Mwende mapema, Jumatatu foleni ya malipo ni ndefu.

Mama wa Duka 17:23
Mzee, watoto wa Fundi sukari na sabuni wachukue dukani kwangu mwezi huu. Usiandike popote.

Mwalimu Mstaafu 17:24
Mama wa Duka, umeandika kwenye kikundi cha watu 112.

Mama wa Duka 17:24
Aah 🤦🏾‍♀️

Mama Neema 17:30
Dogo Boda, mkungu bado uko mlangoni kwangu na kuku wameanza kuudonoa. Unakuja au nimwite mtu wa guta?

Dogo Boda 17:31
Nakuja dada, naomba tu gunia na kamba ya mpira. Na Junia aniachie nafasi, jana alipanda na mayai wapi kule

Mama Neema 17:32
Leo, si jana. Na mayai hayaendi popote, kayaweka chini ya kuku wangu anayeatamia, kaniambia nisiguse.

Mzee Mhazini 17:38
Baba Jeni, kwenye zile ahadi 240,000 naona na 45,000 ya ndizi. Haijaingia.

Baba Jeni (Dodoma) 17:39
Natuma sasa hivi mzee

Mzee Mhazini 17:39
Na ya kutolea.