Farasi wangu: chuma, buti za kwato au aende peku? Naomba ushauri

Mkazi wa Kigamboni: Wakuu, habari za humu. Nina farasi jike wa kupanda. Chuma cha mguu wa mbele kushoto kimetoka, na fundi wetu anatokea Arusha, haji kila unapomwita. Nimsubiri apige vyuma upya, niving'oe vyote aende peku, au niagize buti za kwato? Kuna ndugu anarudi kutoka nje mwisho wa mwezi, anaweza kuniletea. Nataka kuamua wiki hii.

Mama Punda: Karibu mkuu, ila hujasema anatembea wapi. Mchangani au kwenye kokoto? Ana umri gani, kavaa chuma muda gani, anakula nini? Weka picha ya ukwato, upande na chini. Bila hayo tutabahatisha tu.

Nyundo na Tupa: Rudisha chuma. Farasi wa kazi anayepita lami kila siku ukwato unalika kuliko unavyoota. Hayo mambo ya peku ni ya farasi wa kushinda malishoni.

Peku Daima: Hapana mkuu. Ukwato unaota kama milimita 6 hadi 10 kwa mwezi, kwa hiyo ukuta mzima wa ukwato unahitaji karibu mwaka kuota upya kutoka juu hadi chini, ingawa matundu ya misumari hushuka mapema zaidi. Ng'oa, piga tupa kila baada ya wiki 4 hadi 6, zungushia kingo zisipasuke. Mwanzoni atachagua pa kukanyaga penye mawe, mpe muda. Akichechemea hata kwenye mchanga laini, hapo ita daktari wa mifugo.

Mzee wa Kunduchi: Vijana, chuma si kibaya, kibaya ni mkono unaokipiga. Dume letu lilipigwa vyuma na fundi aliyesifiwa sana. Jioni alikula vizuri. Kesho yake mguu hataki kuuweka chini, ukwato wa moto ukiugusa, na mshipa juu ya kisigino unadunda waziwazi. Fundi kwenye simu anasema eti ni uchovu. Daktari alipofika akagonga msumari mmoja mmoja, kwenye wa tatu mnyama akaruka. Akaung'oa, usaha mweusi ukatoka na harufu yake. Msumari ulikuwa umeingia kwenye nyama. Akachomwa sindano ya pepopunda, maana farasi anaipata upesi mno ugonjwa ule, na sisi tukawa tunauloweka mguu kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi, tunaufunga kwa pampasi ya mtoto na utepe mgumu. Alipona, lakini ukimwonyesha nyundo mpaka leo anatetemeka. Kabla ya kuchagua kiatu, chagua mtu.

Nyundo na Tupa: Pole mzee. Huyo hakuwa fundi.

Dada wa Mbweni: Mimi natumia buti, mbele tu, kwa sababu miguu ya mbele inabeba karibu asilimia 60 ya uzito. Zipo Scoot Boot za Australia na Easyboot za Marekani. Usimwagize ndugu kwa kukisia! Pima upana na urefu kwa milimita siku ileile ukwato umepunguzwa, ukipima umekua itakuja kubwa na kuzunguka mguuni. Ufukweni mchanga unaingia na kuchubua kisigino. Mvue mkirudi, osha, kausha. Masika ndiyo shida: ukwato ukishinda na unyevu, ile sehemu laini ya pembetatu chini inaoza na kunuka.

Mkazi wa Kigamboni: Asanteni. Ana miaka 11. Tunapita kokoto kidogo, kisha ufukweni. Anakula majani, pumba na molasi.

Mama Punda: Molasi kiasi gani? Sukari na wanga vikizidi, kwato huvimba kwa ndani, na hapo hakuna buti wala chuma cha kumsaidia. Punguza kwanza.

Nyundo na Tupa: Pumba kidogo haijawahi kuua farasi. Anayefanya kazi anahitaji nguvu.

Peku Daima: Nguvu aipate kwenye majani makavu mazuri. Na majani yenyewe Dar mnapata wapi msimu huu?

Mtumia Mkokoteni: Samahani kuingilia uzi. Hizo buti zinamfaa punda? Wangu anapita lami mchana kutwa.

Mama Punda: Buti ya farasi itampwaya, ukwato wa punda ni mwembamba na umesimama zaidi. Anabeba nini, na anapumzika saa ngapi?

Mzee wa Kunduchi: Mkazi, picha bado hujaweka.