Naomba ushauri: flashi iko chini kabisa, kwa f/2 picha bado inaungua

Wakuu, salaam. Napiga picha za sura ndani kwa lenzi ya mm 85, na nataka tundu la lenzi liwe wazi, f/2, ili mandhari ya nyuma ififie. Flashi ni ya Ws 400 (wati-sekunde), softiboksi (kisanduku cha kitambaa cha kulainisha mwanga) ya sm 90, mita 1 kutoka usoni. Nguvu ya chini kabisa ni 1/32, na hapo kipimamwanga kinasoma f/5.6 kwa ISO 100. Yaani mwanga umezidi kwa stopu 3 (kila stopu ni mwanga mara mbili).

Kusogeza taa hadi mita 2 kunapunguza stopu 2, lakini vivuli vinakuwa vikali, na ulaini ndio hasa ninaoutaka. Shata haisaidii: ikipita 1/200 ya sekunde mkanda mweusi unatokea kwenye picha, na flashi hii haina HSS (uwezo wa kufanya kazi na shata ya kasi zaidi ya hapo). ISO 50 ya kupanuliwa nimeikataa, inakula maelezo ya sehemu angavu.

Je, nikifunga kichujio cha ND8 (kioo cheusi cha mbele ya lenzi kinachopunguza stopu 3), fokasi ya otomatiki itashika machoni kwa taa ya kulengea (ile ya flashi inayowaka muda wote) ya wati 60 tu? Au niongeze kitambaa cha pili ndani ya softiboksi, na kwa kawaida kinakula stopu ngapi?