Picha za RAW zinatoka laini, nikizinoa ziwa linajaa chenga

mwaloni_kamera: Wakuu habari za jioni, naombeni msaada. Juzi asubuhi nilikuwa Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza pembeni ya Ziwa Victoria, napiga akina mama wanaanika dagaa, kuna mteja anataka picha za kuweka kwenye mifuko yake. Nikapiga RAW tupu, yale mafaili mabichi ya kamera, kwa mara ya kwanza. Kwenye kioo cha kamera zilikuwa kali ajabu, nafika nyumbani nafungua Lightroom, programu ya kuhariri picha, zimefubaa kama lenzi ilikuwa na mafuta, nikavuta Sharpening, slaida ya kunoa, hadi 120, ndo balaa, ziwa lote chenga tupu na yale mawe ya nyuma yamepata mstari mweupe pembeni kama yamechorwa kwa chaki. Nakosea wapi?

kaka_igoma: Mkuu, ulichokiona kwenye kioo ni JPEG ndogo ambayo kamera inaiweka ndani ya faili la RAW, hiyo imeshapikwa, ukali umeongezwa tayari. RAW yenyewe inakuja mbichi. Kwenye sensa nyingi, kile kipande cha kamera kinachonasa mwanga, kila pikseli inasoma rangi moja tu, nyekundu, kijani au bluu, mbili zilizobaki programu inazikadiria kwa kuangalia pikseli jirani, na kamera nyingi zina kichujio mbele ya sensa kinacholainisha kidogo makusudi ili vitu kama nyavu visitoe mawimbi ya ajabu. Kwahiyo lazima uinoe, ila sio 120! Rudi kwenye 40 ile inayokuja nayo, ukipanda usipande sana. Radius, yaani upana wa kunoa kwenye kingo, weka 0.8 maana dagaa ni vidogo, ikiwa kubwa ndo inakuchorea chaki kwenye mawe. Halafu Masking, wengi wanairuka na kwangu ndo roho ya kazi: shikilia Alt huku unaivuta, picha inageuka nyeusi na nyeupe, peupe ndo panaponolewa, vuta mpaka maji na anga viwe vyeusi tii. Na uangalie kwenye 100%, ukiangalia picha nzima utadanganyika.

dada_wa_lenzi: Kabla ya slaida tuambie setingi ulizopigia.

mwaloni_kamera: Dada, lenzi iko 200mm, tundu f/22, shata 1/60 ya sekunde, ISO (wepesi wa kupokea mwanga) 200, naishika mkononi. Niliambiwa tundu likiwa dogo kila kitu kinatoka wazi.

dada_wa_lenzi: Basi hapo ndo penyewe mdogo wangu. Kwenye f/22 mwanga unapita kwenye katundu kadogo unatawanyika, picha nzima inalainika hata kama fokasi iko sawa. Na 1/60 kwa 200mm, mkononi, na upepo ule wa ziwani, lazima itikisike. Nenda f/8, tundu kubwa zaidi, hizo ni stopu tatu (kila stopu mwanga mara mbili), shata inapanda hadi karibu 1/500 na ISO yako ileile. Picha iliyotikisika ukiinoa unanoa mtikisiko wenyewe. Rudi Mwaloni ukapige upya, naongea kwa kukuonea uchungu kazi yako.

nyakato_studio: Nyongeza, kama Lightroom inakubana kulipia kuna darktable na RawTherapee, bure kabisa na zinafungua RAW vizuri. Na ukishapunguza saizi ya picha inoe tena kidogo mwishoni, ya kuprinti kwenye karatasi isiyong'aa ongeza zaidi maana wino unazama. Mteja mtumie WhatsApp kama dokumenti, ukituma kama picha inabanwa na jasho lako lote linapotea.

mwaloni_kamera: Wakuu nimerudi leo saa moja na nusu asubuhi, f/8, 1/500, Amount (kiasi cha kunoa) 50, Masking 75. Nimekuza 100%, dagaa mmoja mmoja nauona jicho lake, na fundo za wavu wa kichanja zinahesabika, maji yametulia. Asanteni sana. Ila kwenye mawe chaki bado ipo kwa mbali na Radius ni 0.8.

kaka_igoma: Slaida ya Detail, ile ya kukoleza vitu vidogovidogo, iko ngapi?

mwaloni_kamera: 80

kaka_igoma: Ishushe 25.

mwaloni_kamera: Imeondoka.