Tupeane uzoefu: vidonge vya damu vya kliniki, mlivimeza vyote kweli?

Mama Kulwa, Igoma: Wadada, nafagia uvunguni nakuta kopo la FEFO, vile vidonge vya chuma na foliki asidi, za mimba ya mapacha. Kulifungua tu, ile harufu ya chuma ikanipandisha kichefuchefu. Kila mwezi nilimwambia nesi nimemaliza. Nani mwingine alivificha?

Binti Mwaloni: Mimi hapa! Choo cheusi kilinitisha.

Mkerewe: Choo cheusi ni chuma tu, hakina shida. Meza usiku na chungwa, chai iache mbali.

Mama Neema: Mimi sikuvificha, nilivimeza vyote. Nilikuwa naanika dagaa Kirumba, na kwetu mimba haitangazwi mapema, kliniki nikaanza mimba ikiwa na miezi mitano. Neema alipozaliwa nesi alimgeuza, akanyamaza. Chini ya mgongo palikuwa na uvimbe kama nyanya, ngozi nyembamba, maji yanaonekana ndani. Mgongo wazi. Akapasuliwa, baadaye kichwa kikaanza kukua, wakamwekea mpira wa kutoa maji. Nikamuuliza daktari, mbona vidonge nilimeza? Akaweka kidole kwenye kalenda ukutani: uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya siku 28 tangu mimba itunge. Siku hizo mimi nageuza dagaa juani, sijui lolote. Neema sasa ana miaka 6, anatembelea magongo, shuleni anaongoza kuimba. Ile kalenda bado naiona.

Kaka Buhongwa: Pole dada. Ila ungewahi kliniki…

Binti Mwaloni: Kaka, soma tena! Hata angeenda wiki ya nane angekuta siku hizo 28 zimeshapita. Foliki asidi, ile inayosaidia kukinga mgongo wazi, inaanzwa kabla ya mimba, mikrogramu 400 kila siku. Usimtwishe mama mzigo.

Kaka Buhongwa: Nisamehe, Mama Neema.

Mama Kulwa: Mama mkwe alisema vinamnenepesha mtoto, nitazaa kwa kisu.

Dada Sengerema: Na wangu hivyohivyo, kumbe uvumi tu.

Mzee wa Nsansa: Mchicha na maharage yanatosha, mama zetu walimeza nini?

Mkerewe: Mzee, mboga ukiichemsha ukamwaga maji umemwaga na foliki. Na dona tunayosaga mashineni haina virutubishi vilivyoongezwa.

Kaka Buhongwa: Mke wangu tunapanga mtoto. Dukani nimeona foliki za miligramu 5, nimnunulie?

Mkerewe: Hapana! Akishika mimba atapewa SP, dawa ya kukinga malaria, na foliki ya 5 inaipunguzia nguvu.

Mama Neema: Mbona mimi nilipewa ya 5?

Mkerewe: Wewe ulishazaa mwenye mgongo wazi, na daktari ndiye aliyepanga. Kaka anaokota dukani.

Mama Neema: Kweli, nilianza kabla ya kushika mimba ya pili. Alipotoka sikuuliza wa kike au wa kiume. Nilisema nigeuzieni mgongo. Nikapitisha kidole mwenyewe, taratibu, mpaka chini kabisa. Laini. Nililia mpaka nesi naye akalia.

Binti Mwaloni: Jamani 😭

Kaka Buhongwa: Nimemsomea mke wangu. Anauliza zile za 400 zinapatikana wapi huku kwetu, kesho aanze.