Supu ya kuku na nazi ya Kithai: tui langu limekatika tena jamani

Kutoka: Binti Tanga, Minneapolis

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za baridi. Najua humu tunaongeaga viza na kodi ila leo naleta ya jikoni mnivumilie. Kuna ile supu ya Kithai ya kuku na nazi, wenyewe wanaita tom kha gai, kuna mgahawa uko njiani nikitoka shifti ya usiku nilikuwa napitia bakuli moja, sasa bei imepanda na bakuli limepungua nikasema kwani si nazi hii hii, mi mtoto wa Tanga nimekalia mbuzi nakuna nazi toka nina miaka saba, itanishinda nini.

Imenishinda mara mbili. Mara ya kwanza nilikosea kopo, nikachukua lile la nazi tamu wanalochanganyia vinywaji vya baa, lina picha ya nazi kama makopo mengine na mi sikusoma. Jamani. Kuku wa kashata. Nilimwaga yote. Mara ya pili kopo lilikuwa lenyewe ila nafungua nakuta juu gumu kama mafuta ya kupaka na chini majimaji, nikajua limeharibika, nikafungua la pili nalo vile vile, nikasema liwalo na liwe. Nikachemsha na tangawizi na mchaichai, nikatia kuku, nikatia tui, nikazima jiko NDO nikakamua ndimu kama video ilivyosema, nikageuka kutoa bakuli kabatini, kurudi tui limekatika, vinaelea vipande vyeupe kama maziwa yaliyolala nje. Na ladha yenyewe siyo ile, ni mchuzi tu. Mama yangu yuko hapa kanitembelea, alikula kwa adabu lakini nilimwona anavyolisogeza bakuli pembeni kidogo kidogo.

Nakosea wapi? Jumamosi nipo off nataka nirudie.

Kutoka: Mama Wawili, Leicester

Marahaba mwanangu, pole. Kopo halikuharibika. Mafuta ya nazi yanaganda yakishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na huku kwangu asubuhi kabla hita haijawaka jikoni ni nyuzi 15, kila kopo linalala gumu. Liweke kwenye maji ya moto dakika kumi, litikise, fungua. Na ukiwa dukani geuza kopo usome nyuma, iwe nazi na maji basi, isiwe na sukari, na yale ya kupunguza mafuta usinunue hilo ni tui la tatu unalipia bei ya kasimile, lile tui zito la kwanza.

Na tangawizi mwanangu siyo yenyewe. Wanatumia galanga. Mi nilidhani ni kitu kimoja miaka yote mpaka mwenye duka la Waasia akanicheka.

Kutoka: Mwalimu, Nonthaburi

Habari zenu. Mi nipo huku Thailand, nje kidogo ya Bangkok, nafundisha Kiingereza mwaka wa sita sasa, na supu hiyo naila karibu kila wiki kwa mama ntilie wa hapa mtaani, kwa hiyo nitaandika kidogo mnisamehe ikirefuka.

Jina lenyewe linakuambia. Tom ni chemsha, kha ni galanga, gai ni kuku. Hiyo nazi unayoihangaikia wala haimo kwenye jina! Mwenye jina ni galanga, na wewe hukuiweka, ndo maana unasema ladha siyo ile. Galanga ni ndugu wa tangawizi ila ngozi yake ni nyeupe imepauka, ina pete pete, na ni ngumu kweli, tafuta kisu kizito maana kile cha kumenyea kitateleza kikukate kidole. Ukiikata inuse, haina ule moto wa tangawizi, inakuja harufu kama umevunja tawi la msonobari na mkaratusi kwa pamoja. Kwa supu ya watu wanne kata vipande kumi au zaidi, vyembamba kama sarafu. Ukipata mbichi nunua nyingi ukatekate uweke friza, inakaa miezi. Ya kavu ukiikosa mbichi inasaidia, iloweke kwanza, ila ya unga achana nayo.

Mchaichai ndo mnanichekesha. Sisi tunakata majani tunatia kwenye chai, shina tunaliacha ardhini liote tena. Hawa kinyume chake kabisa, majani wanatupa, wanataka lile shina la chini jeupe. Liponde kwa mgongo wa kisu mpaka lipasuke, kata urefu wa kidole, mashina mawili matatu. Halafu majani ya ndimu yao, lile jani linalokaa kama majani mawili yameunganishwa, kama namba 8, utayapata ya friza kwenye duka la Waasia, chana matano sita utoe ule uti wa katikati. Ukikosa, kwaruza ganda la ndimu ya kawaida kidogo, haifiki pale lakini si vibaya.

Sasa tui. Mama Wawili shikamoo, nakuheshimu sana, ila kopo USILITIKISE. Yule binti alipofungua akakuta gumu juu na maji chini alikuwa amepewa zawadi akadhani kaibiwa. Lile gumu la juu ndo kasimile yako na yale maji ya chini ndo tui la pili, yaani kopo limekukamulia lenyewe. Fanya kama bibi zetu wanavyofanya, jepesi linatangulia na zito linamalizia. Chukua yale maji ya chini na supu ya mifupa ya kuku kama nusu lita, tia galanga, mchaichai na majani, acha vichemke taratibu dakika kumi mpaka nyumba inukie. Tia kuku, paja ni bora kuliko kifua, gramu 500 hivi umekata vipande vya kuingia mdomoni, dakika nane kumi anaiva. Tia uyoga, ule mamama ni mzuri, uchane kwa mkono. Ndo unamalizia na lile zito, unakoroga, likianza tu kutoa mapovu pembeni, basi. Wenyewe kwenye kari zao wanalikaanga tui makusudi mpaka likatike litoe mafuta, ila kwenye supu hii hapana, na hata ukiona vidoa vidogo vya mafuta juu usishtuke, huku wanavinywa tu.

Kuhusu kukatika: jiko lako ni la gesi au la umeme, zile koili? Nauliza sababu umesema ULIZIMA jiko. La koili ukilizima linabaki jekundu dakika kadhaa, sufuria inaendelea kuchemka wewe umegeuka kutafuta bakuli, na tui likikutana na ndimu juu ya moto vile linaganda kama mtindi. Toa sufuria kabisa weka pembeni. Au fanya kama mama ntilie wangu, yeye ndimu wala haigusi sufuria. Anaikamulia kwenye bakuli tupu, anatia sosi ya samaki humo humo, pilipili kichaa mbili tatu kazigonga na kinu, ndo anamimina supu juu yake na kotimiri. Kila mtu na bakuli lake na ukali wake. Toka nione vile sijawahi kukatikiwa na tui, na ndimu inabaki na harufu yake, maana ukiichemsha inakuwa chungu.

Chumvi usitie kwanza. Chumvi ni ile sosi ya samaki, kama vijiko viwili vitatu vya chakula kwa sufuria nzima, na sukari kijiko kimoja cha chai kuituliza. Onja. Unatafuta chumvi na ukali wa ndimu vije pamoja halafu nazi ije nyuma. Ikikaa kama mchuzi wa nazi wa kwetu, yaani unalala tu mdomoni, ongeza ndimu.

Kutoka: Mama Wawili, Leicester

Marahaba baba, la kopo nimekubali, miaka yote natikisa! Ila mwambie na hili, yale yenye gundi ya kushikanisha hayatengani hata uyalaze friji wiki nzima. Hayo basi mtu atie nusu mwanzo nusu mwisho.

Kutoka: Jamaa wa Kisumu, Calgary

Niaje wadau. Nimesoma yote hadi mwisho na bado sijaona mahali kitunguu inakaangwa. Kwani mnaeka saa ngapi? Na nyanya? Na Royco kidogo ama?

Kutoka: Mwalimu, Nonthaburi

Hakuna kitunguu ndugu yangu. Hakuna nyanya. Hakuna kukaanga kitu chochote. Ukikaanga kitunguu ukatia nyanya na Royco umepika mchuzi wa kuku, ule kwa amani lakini usiuite jina hili.

Kutoka: Jamaa wa Kisumu, Calgary

Sawa sawa mwalimu, nimekaa chini. Lakini wacha niseme ukweli hiyo ya kutokaanga imenifurahisha, king'ora cha moshi kwa hii apatimenti kinalia hata nikichoma toast na jirani wa juu ashaniandikia barua mbili.

Kutoka: Dada wa Muscat

Asalaam aleikum. Hiyo sosi ya samaki ni nini hasa, haina pombe? Na huku ndimu kavu zimejaa kila duka, naweza kutumia?

Kutoka: Mwalimu, Nonthaburi

Waaleikum salaam dada. Ni dagaa na chumvi tu, vinakaa kwenye mapipa miezi 12 na zaidi mpaka vitoe maji, yakachujwa. Nyingine wanaongeza sukari. Pombe haimo ila soma chupa yako, na nyingi utakuta zina alama ya halali. Ndimu kavu hapana, hiyo waachie mchuzi wa Kiarabu, itakupa weusi na uchungu. Hapa inatakiwa mbichi, na limau siyo ndimu pia.

Kutoka: Mzee wa Dallas

Mmeongea ya sufuria, mi naongeza mawili ya nje ya sufuria.

La kwanza, hayo majani ya ndimu msije mkayabeba kwenye begi mkitoka likizo. Shemeji yangu alitoka Dar na mfuko wa majani ya ndimu na majani ya mchuzi, kafunga vizuri kwenye kanga, hakujaza kwenye fomu kwamba ana mimea, mbwa wa uwanja wa ndege akaja akakaa chini mbele ya begi. Wakamfungua mpaka soksi. Kuna ugonjwa wa michungwa na ndimu unabebwa na kidudu kidogo kinachokaa kwenye majani hayo na Marekani umeshawamalizia mashamba Florida, hawana utani nao. Ukiwa na chochote kibichi SEMA, ukisema wanachukua wanatupa unaenda zako, ukinyamaza ni faini.

Mchaichai hata usihangaike kubeba. Nunua mashina dukani yale yaliyobaki na kitako chake chini, simamisha kwenye glasi ya maji dirishani, badilisha maji kila siku mbili tatu, baada ya wiki mbili hivi yanatoa mizizi, panda kwenye ndoo. Mi ninazo ndoo nne, baridi ikianza naziingiza ndani maana barafu moja tu ya usiku inaua. Shina napika, majani nanywea chai, kwa hiyo sisi na Wathai tumegawana mmea vizuri.

La pili sosi ya samaki. Ukinunua simamisha chupa kwenye gari, ifunge mkanda kama mtoto. Yangu ilivuja kwenye buti mwezi wa saba, huku jua la mwezi wa saba mnalijua. Nimeosha na siki, nimemwaga magadi, nimeweka kahawa ya unga kwenye sahani. Gari niliuza mwaka jana, na aliyekuja kulinunua alifungua buti akauliza kama nafanya biashara ya dagaa.

Kutoka: Binti Tanga, Minneapolis

Wapendwa nimerudi, ni Jumapili asubuhi.

Jiko ni la koili. Mwalimu Mungu akubariki, nilisimama pale baada ya kuzima nikahesabu, limebaki jekundu dakika nne nzima, na mi siku zote nikizima najua nimezima.

Galanga nimepata ya friza imeshakatwa, duka la Wahmong Saint Paul, na mashina ya mchaichai matatu, mawili nimepika moja liko kwenye glasi dirishani. Kopo nililiacha kwenye baraza ya nyuma usiku mzima nje nyuzi hasi sita likaganda zima kama jiwe haha, ikabidi nilirudishe ndani lipumzike, ila mwisho likatengana kama ulivyosema nikakomba lile zito na kijiko nikaliweka pembeni. Ndimu nimekamulia kwenye bakuli. Nikamimina. Jamani tui limetulia, jeupe, hakuna hata punje. Na ile harufu ndo ile ile ya mgahawani, nilisimama na mwiko mkononi nacheka peke yangu.

Kosa moja, sikutoa vipande vya galanga na mchaichai kabla ya kupakua, video ilisema wenyewe wanaviacha bakulini na kila mtu anaviweka pembeni. Mama yangu hajaangalia video. Nikamwona anatafuna, anatafuna, amenyamaza, macho ukutani, heshima yote ya mgeni, mwisho akakitoa taratibu akakiweka kwenye kisosi akaniuliza, "Mwanangu, huyu kuku wa huku mbona mbavu zake za mti?"

Lakini bakuli kamaliza. Kaongeza na la pili, halafu kaniuliza ugali uko wapi.