Dairekta anataka nimkopie Hans Zimmer kwenye filamu yetu ya mvuvi, naombeni ushauri

KinandaKirumba:
Wakuu, habari za jioni. Niende moja kwa moja kwenye mada.

Mimi ni mpiga kinanda wa kwaya hapa Mwanza. Muziki wa filamu ni ugonjwa wangu tangu enzi za kibanda umiza: wenzangu wakitoka wanasimulia nani kampiga nani, mimi nimeganda kwenye maandishi ya mwisho namtafuta aliyetunga.

Mwezi uliopita rafiki yangu anayeongoza filamu kanipa kazi yangu ya kwanza. Ni filamu fupi ya dakika 22. Mvuvi anarudi nyumbani peke yake, mtumbwi umepinduka, mdogo wake hajaonekana. Kuna kipande cha dakika mbili na nusu anapoingia kwa mama yao. Mama anapepeta mchele, hajui lolote. Anainua uso, anatazama mlangoni nyuma ya mwanawe kama kuna mwingine anakuja. Hakuna anayesema neno mpaka ungo uwekwe chini.

Sasa dairekta keshabandika hapo ile ogani, kinanda kikubwa cha kanisani, ya Hans Zimmer kwenye filamu ya Interstellar. Wiki tatu anahariri nayo, imemwingia damuni. Nimetunga vyangu mara nne, vyote anasema "havina uzito". Jana kanitumia ujumbe wa sauti: mwamba, nifanyie hii hii, geuza kidogo isijulikane. Malipo laki tatu, nusu nimeshaila.

Juu ya hapo shemeji yangu, mwalimu wa muziki, ananiambia najisumbua bure kwa sababu muziki wa filamu si sanaa, ni rangi ya ukutani. Nikopi, au nitafute hela nimrudishie? Na shemeji ana hoja?

Mtoto wa Ilala:
Laki tatu unaombea ushauri? Kopi, kula hela, lala. Zimmer hajui hata Kirumba iko wapi.

Nyuzi na Pumzi:
Zimmer hajui, ila YouTube inajua. Siku mkiipandisha mfumo unaidaka kabla ya mama yako mzazi kuitazama. Na sheria yetu ya hakimiliki ya 1999 haina kifungu cha "niligeuza kidogo".

Ila tuache sheria, maana ugonjwa wa dairekta wako ni wa zamani kuliko sisi sote. Mwongozaji anaweka muziki wa kuazima ili ahariri kwa mwendo, halafu anaupenda kuliko utakaokuja. Stanley Kubrick alimpa Alex North kazi ya kutunga muziki wa 2001: A Space Odyssey, mzee akatunga, ukarekodiwa. Mwaka 1968 North anakwenda kuangalia filamu New York, hasikii hata nota yake moja. Kubrick alikuwa amebaki na muziki wa kuazima wa Strauss na Ligeti aliouzoea mezani pa kuhariri. Kwa hiyo ukikataliwa mara nne usidhani huna kipaji. Unashindana na mazoea.

Dawa ni kuwahi. Ennio Morricone alitunga muziki wa Once Upon a Time in the West kabla kamera haijawashwa, na mwongozaji Sergio Leone akawa anaupiga pale pale wanaporekodi, waigizaji wanatembea kwa kufuata nota. Hakukuwa na nafasi ya kuazima kitu. Wewe umechelewa kwa hilo, lakini unaweza bado kumuuliza dairekta anapenda nini ndani ya ile ogani. Ni sauti ya ogani yenyewe, ni kule kujirudia, au ni kupanda polepole? Wengi wakiulizwa hivyo wanagundua wanapenda kitu kimoja tu, na hicho si mali ya Zimmer.

Kasuku Mweusi:
Mimi naona tatizo ni kumwabudu Zimmer tu. Yule ni fundi wa sauti na kundi la wasaidizi, si mtunzi. Mtunzi ni John Williams: unamwimba barabarani, bodaboda anakugeukia anaimba na wewe. Niimbieni Zimmer hapa bila kuguna "mmmmm" kama jenereta.

Nyuzi na Pumzi:
@Kasuku Mweusi umetuletea ubishi wa kijiweni. Kwani muziki wa Williams kwenye Jaws, ile filamu ya papa, una nini? Nota mbili. Mwongozaji Spielberg alipopigiwa kwenye piano mara ya kwanza akacheka, akajua anataniwa. Mwaka 1975 hizo nota mbili zikawatoa watu baharini na kumpa Williams Oscar. Thamani haiko kwenye wingi wa nota.

Na hiyo ogani unayoidharau ilianza na karatasi moja. Christopher Nolan, mwongozaji wa Interstellar, hakumwambia Zimmer kwamba filamu ni ya anga za mbali. Alimpa ukurasa mmoja wa maneno kuhusu baba na mwanawe, akamwambia andika muziki kwa siku moja. Nyota na roketi vilikuja baadaye. Ogani yenyewe wakaenda kuirekodi Temple Church, London. KinandaKirumba, hapo ndipo pa kumuiga Zimmer: kaandike mama na wanawe wawili. Ziwa liache.

Wanjiku wa Rongai:
Nimecheka hiyo ya jenereta 😂. Hata hivyo acha niseme kitu hapa kama Mkenya. Tumekuzwa na muziki wa filamu wa John Barry: Born Free ya 1966 na Out of Africa ya 1985, zote zilipigwa picha kwetu, na zote zikampa Oscar. Ile ya pili ni tamu, sitadanganya, ndege inapaa juu ya nchi na fidla zinafunguka mpaka unataka kulia. Lakini nikiwa mkubwa nikaanza kuisikia vingine. Ni muziki wa mtu anayeiangalia nchi kutoka juu. Yule anayelima huko chini haimo nyimbo yake.

Halafu angalia Ludwig Göransson, Mswidi, kabla ya kutunga Black Panther alifunga safari mpaka Senegal akazunguka na mwanamuziki wa huko Baaba Maal, akasikiliza ngoma na filimbi za watu wenyewe. Huyo naye akachukua Oscar, 2019. Wageni wanapanda ndege kuja kutafuta sauti, na wewe uko nazo mlangoni unaazima kanisa la London. Aki boss, hapo umeniangusha.

Mwana wa Kibokoni:
Ndugu zangu, mwasema kuiga kama kwamba ni dhambi tupu. Sisi huku Mombasa tumelelewa na taarabu za Juma Bhalo, na watu wazima wote wajua sauti nyingi zile zatoka kwenye filamu za Kihindi. Baba alikuwa akitupeleka sinema, twarudi nyumbani, baada ya muda twaisikia sauti ile ile harusini kwa maneno ya Kiswahili. Hakuna aliyeita takataka. Watu walilia, na walilia kwa maneno yetu. Kwa hivyo swali langu kwa kijana ni hili: ukikopi hiyo ogani, utaongeza nini chako? Kama jibu ni "hakuna", basi.

Kasuku Mweusi:
Hata mtunzi Nino Rota alijiiga mwenyewe wakamnyang'anya uteuzi wa Oscar. Sauti ya The Godfather alikuwa ameitumia kwenye filamu nyingine ya 1958. Kilichonifurahisha, sehemu ya pili ilipotoka na sauti ile ile ndani, wakampa tuzo. Haya mambo hayana hakimu.

Dada Mikrofoni:
Nimesoma wote, nikaona mnagombana kuhusu Ulaya huku kijana ana kazi mezani. Mimi nachanganya sauti za filamu, nimeshachanganya za Bongo za kutosha, naomba niseme ya jikoni.

Mdogo wangu, zima hiyo ogani. Zima kila kitu. Angalia zile dakika mbili na nusu kimya, na penseli mkononi. Gonga meza pale unapoona moyo wako umeshtuka. Nakuhakikishia hutagonga pale mama anapolia. Utagonga pale anapotazama nyuma ya mwanawe. Sasa rudia na sauti ya mchele ungoni. Hiyo shaa, shaa, shaa ndiyo ngoma yako, tayari ina mwendo. Inaposimama, watazamaji wote watashika pumzi, na hujalipa hata shilingi.

Kosa letu huku ni kwamba muziki unawahi kuliko habari. Mama hajajua, fidla zimeshajua. Au mbaya zaidi ule wimbo wa kusimulia: mama analia, mwimbaji anaimba "mama analia". Tumeona, asante.

Halafu usipitishe sauti ya muziki mahali pale pale panapokaa sauti ya mtu. Mama akisema neno, kinanda kiwe chini kabisa au kikae kimya. Mtunzi Bernard Herrmann kwenye filamu ya kutisha ya Psycho alitumia vyombo vya nyuzi peke yake, akaacha okestra nzima nje. Mwongozaji Hitchcock alitaka kile kipande cha mauaji bafuni kisiwe na muziki kabisa, Herrmann akautunga hata hivyo, bosi akasikia akabadili mawazo. Kwa hiyo mtunzi anaweza kubisha, ila anabisha kwa kuleta kitu kinachosikika. Usimjibu dairekta kwa ujumbe wa sauti. Nenda na laptopu, mkae wawili, umuonyeshe.

Shemeji yako mwache. Mwambie tu mtunzi Mrusi Prokofiev alichukua muziki wa filamu ya Alexander Nevsky akaufanya kazi ya kwaya na okestra, na makwaya yanaiimba mpaka leo ukumbini bila filamu. Kama ni rangi, imebaki baada ya ukuta kuondolewa.

Mtoto wa Ilala:
Dada umeua. Nafuta niliyosema. Ila laki tatu bado ni laki tatu.

KinandaKirumba:
MREJESHO.

Nilikwenda kwake jana na laptopu kama nilivyoelekezwa. Nikamwekea kipande bila muziki, mchele tu. Mara ya kwanza kasema "mbona kama hakijakamilika". Nikakirudia bila kusema neno. Mara ya tatu mke wake alikuwa anapita na beseni la nguo, akasimama mlangoni mpaka mwisho, halafu akauliza, "Yule mwingine yuko wapi?" Dairekta akanyamaza.

Tumekubaliana ogani itoke. Kimya mpaka ungo uwekwe chini, kisha nota tatu tu, moja moja, ya nne isije. Wazo la nota ya nne kutokuja ni langu, nalidai. Ila sijashinda vyote: kwenye majina ya mwisho bado anataka "kitu kikubwa kama kile", na tumeachana hapo tukiwa tumenuniana kidogo.

Tatizo jipya. Hizo nota tatu kwenye kinanda changu zinatoka kama simu inaita. Nataka nanga, kile chombo cha nyuzi cha kule Bukoba, ipigwe na mtu wa kweli. Kuna anayemjua mpigaji anayepatikana Mwanza kabla ya Jumamosi? Iliyobaki mfukoni ni elfu arobaini, na chakula nitampa.